Nilicheza Ngoma na Mama Mkwe Mbele ya Moto

Mama Cornelia, shikamoo. Mimi ni fundi baiskeli hapa Mazwi, redio yangu huwa naitundika kwenye msumari juu ya pampu ili kipindi chako kisinipite, na nikuambie ukweli, watu wengi wanaokuandikia nimewacheka sana, nikisema huyu naye kichwani hamna kitu, sasa yamenifika mwenyewe na sina wa kumcheka. Naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana Jumapili wajomba wa mke wangu wanakuja na gari kumwondoa mama mkwe wangu pale anapoishi nisipoacha kazi ninayoifanya hapohapo, na chanzo cha yote ni mimi, kwa sababu nilicheza naye ngoma hadharani.

Usiitupe barua, Mama, ngoja nieleze.

Mama mkwe wangu anaitwa Mama Fransiska, mjane, mzaliwa wa Mwimbi. Jina lake mimi silitamki, hapa nimeliandika tu kwa kuwa peni haina mkwe. Baba mkwe alipofariki, na nyonga ikawa inamsumbua mama hawezi tena kuinama shambani wala kubeba ndoo, mimi na mke wangu Monika tulimwambia aje kwetu Mazwi, kaka yake mkubwa Mzee Leonsi akamwambia ahamie kwake palepale Mwimbi, yeye akatusikiliza wote, akasema asanteni, mimi nakwenda Tulizo. Tulizo ni makazi ya wazee yaliyoko Pito, na alikuwa na sababu yake, kwamba shoga yake wa tangu usichana, Mama Hellena, alikwisha kutangulia huko. Mzee Leonsi alinuna kweli, akauliza tangu lini mtu mwenye ndugu akalelewa na watu wasiomhusu, lakini mama alifunga mzigo wake mwenyewe, akapanda gari, akaenda.

Baadaye likaja shirika moja linatafuta watu wa kujitolea wawe watetezi wa wazee wanaoishi kwenye makazi, nami nikajiandikisha, watu wa Mazwi wakanicheka eti fundi baiskeli amekuwa wakili. Tukafundishwa kwamba kazi ya mtetezi ni kwenda kila wiki, kukaa na mzee mmojammoja, kumsikiliza kwa masikio yako uso kwa uso, kulipeleka neno lake kwa uongozi, na kurudi kumpa jibu hata kama jibu ni baya. Na kanuni ya kwanza, ambayo mwalimu aliirudia mpaka tukawa tunaiota, ni kwamba usimsemee mzee jambo ambalo hujamuuliza.

Tulizo si mahali pabaya, nisije nikamsingizia mtu, hakuna aliyepigwa wala kulala njaa, shida ni kwamba hakuna aliyekuwa anaulizwa. Lilikuwepo sanduku la maoni, limetundikwa juu kabisa mlangoni pa ofisi, mzee mwenye fimbo halifikii, na wengi wao hata kalamu hawajashika tangu ubatizo wa watoto wao, kwa hiyo siku nilipoomba lifunguliwe tulikuta nyigu wamejenga ndani. Na Bwana Edwin, msimamizi wa makazi, alikuwa akiwaonyesha wageni lile sanduku kwa furaha, akisema hapa kwetu malalamiko hakuna.

Nikaanza kazi, Mama Cornelia, na nikuambie, utetezi unafanya kazi. Uji wa sembe ukawa uji wa ulezi kama walivyozoea makwao, maji ya kuoga asubuhi yakawa ya moto, na Mzee Ignasi, ambaye mlango ukifungwa anahisi yuko kaburini, akaruhusiwa kulala mlango wazi. Vitu vidogo, lakini ungemwona Mzee Ignasi anavyosalimia siku hizi.

Sasa ndipo nikafika kwa mama mkwe, na mtego uone. Mimi nilivyolelewa, mtu na mama mkwe wake hawakai mkeka mmoja, hawali sahani moja, hawatazamani usoni, wala hawaitani majina. Nitamsikiliza vipi uso kwa uso? Tukatafuta njia, yeye akakaa ndani dirishani amenipa mgongo, mimi nje juu ya ndoo iliyopinduliwa nimempa mgongo, na Mama Hellena katikati. Mama mkwe anasema, "Hellena, mwambie huyo mtu kwamba hapa kuna baridi." Mimi nimesikia kila neno, lakini nangoja, na Mama Hellena anaanza, "Wewe mtu, mwenzangu anasema hapa kuna baridi, na mimi naongeza kwamba maharage hayaivi, na yule mpishi ana kiburi." Kila ujumbe ulinifikia umenenepa.

Lalamiko la mama lilikuwa ni moto, kwamba walikuwa wamekatazwa kuota moto. Wewe ni mtu wa huku, mwezi wa sita na wa saba wa Sumbawanga unaujua, upepo unakupita kifuani kana kwamba hukuvaa kitu. Lakini majengo ya Tulizo ni mapya, yana vigae chini na dari ya mbao juu, na Bwana Edwin aliogopa wazee wataungua, akawaombea wafadhili mablanketi mazito, kila mzee akapata lake, akahesabu suala limekwisha.

Nikalipeleka lalamiko kwenye kikao cha uongozi. Bwana Edwin akaniuliza, "Hili umelisikia kwake uso kwa uso?" Nikababaika. Nikisema ndiyo, nimevunja heshima ya mkwe mbele za watu, nikisema hapana, lalamiko linakufa. Nikasema nimelipata kwa Mama Hellena. Naye akatabasamu, akasema, "Basi kwa utaratibu wenu wenyewe, lalamiko hilo halipo."

Mara nikasikia fimbo kwenye vigae, ko, ko, ko, mlango ukafunguliwa, akaingia mama mkwe. Mimi nikaruka kutoka kwenye kiti, nikaenda pembeni, nikageukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa, na yote yaliyofuata, Mama Cornelia, niliyasikia nikitazama kalenda.

"Edwin mwanangu," akasema, "lalamiko halipo, lakini mimi nipo. Mablanketi umetupa, Mungu akubariki, ni mazito kweli. Lakini blanketi linamfunika mtu mmoja. Jioni ikifika kila mtu anaingia chini ya lake, anageukia ukuta wake, basi, tumeshazikwa bado kufukiwa. Kwetu baridi ikiingia watu wanasogeleana. Mimi tangu nimekuja hapa majirani zangu siwajui majina, na siyo kwamba hawana majina, ni kwamba hatuna pa kukaa tukaulizana."

Bwana Edwin akasema kwa upole, maana si mtu mbaya, "Mama, na mkiungua?"

"Mimi nimewasha moto tangu baba yako hajaoa," akasema. "Kilichowahi kuungua kwangu ni maharage."

Chumba kizima kikacheka, na kicheko cha Bwana Edwin nilikisikia kimo. Wakakubaliana. Kikajengwa kibanda cha udongo uani, mbali na majengo, na mafiga makubwa, na mabenchi yenye maegemeo, na ndoo za mchanga pembeni, kuni nikawaletea mimi, na wazee wenyewe wakapangiana zamu za kuulinda moto. Mzee Ignasi ndiye aliyechagua mawe, alikataa mengi mpaka waliokuwa wanabeba wakamchoka.

Siku ya kuuwasha alipewa mama mkwe heshima hiyo. Moto uliposhika, vigelegele, mtu akageuza ndoo akaanza kuipiga, wazee waliokuwa hawajatoka vyumbani isipokuwa kwenda kula wakatoka, Mzee Ignasi na Mzee Theodory, vyumba vyao vinagusana, wakagundua kumbe ujanani waliposa msichana mmoja na wote wawili wakakataliwa, wakakumbatiana kama ndugu. Mimi nilikuwa nyuma ya watu, mahali pangu kama mkwe. Mara namwona mama mkwe anakata uwanja na fimbo yake anakuja moja kwa moja, akasema kwa sauti, "Kornel! Unajificha nini? Njoo uone kazi yako!"

Jina langu, Mama Cornelia, kinywani mwake. Miguu yangu ikasahau adabu yote. Nikamshika mikono yote miwili tukacheza, nyonga na yote, watu wakapiga kelele mpaka mbwa wa Pito wakaitikia. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu, Monika asisikie.

Basi, mmoja wa jikoni alikuwa na simu. Video ilifika Mwimbi kabla mimi sijafika Mazwi, ikaingia kwenye kundi la Watsapu la ukoo, na asubuhi yake nikaitwa kikao. Wajomba wakanitoza faini ya mbuzi na kitenge, nikakubali, haki yao. Lakini Mzee Leonsi akaongeza kwamba mtetezi na mkwe hawawezi kuvaa shati moja, kwamba utetezi ndio ulionizoesha kumsogelea mama, kwa hiyo ama niache utetezi pale Tulizo, ama Jumapili wanamchukua dada yao akaishi Mwimbi. Nikimuuliza Monika ananijibu, "Wewe ndiye uliyecheza."

Tangu kikao kile sijakanyaga Tulizo, aibu. Na nimesikia Bwana Edwin ameanza kusema moshi unachafua nguo zinazoanikwa, kwa hiyo moto uwe Jumapili tu. Nikiacha utetezi, nani atasimama nao? Nisipoacha, mama anakwenda Mwimbi. Mimi nimeanza kuona heri aende tu, atakuwa kwa kaka yake, wajomba watatulia, nami nitaendelea na wazee waliobaki. Je, nimruhusu aende, au mimi ndiye niache?

Ni mimi Kornel, Mazwi. Jina lisome tu hewani, video imeshanitangaza.

*

Kornel mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka fundi mitambo akanigongea kioo akidhani nimepaliwa. Halafu nikairudia, na mara ya pili nikakasirika. Nitakupa vyote viwili, kicheko na hasira, na uvipokee kwa adabu kama ulivyoipokea ile faini.

Kwanza hongera. Hongera sana, tena nasema kwa sauti ili waliokucheka hapo Mazwi wasikie. Kila wiki kuna mtu ananiuliza hawa watetezi wa wazee wanasaidia nini, si ni watu tu wanakwenda kunywa chai na vikongwe? Leo nina jibu. Walikuta sanduku lina nyigu, wameacha kibanda kina moto. Na wakija wenye mradi na makaratasi yao ya kupima kama kazi imezaa matunda, wala wasihangaike na ofisi, waende uani wakamuulize Mzee Ignasi jirani yake anaitwa nani.

Pili, ulikosa. Usijitetee kwa miguu, miguu ni yako. Heshima ya mkwe imewalinda watu wengi na nyumba nyingi, na Mzee Leonsi hakukuonea kukutoza. Toa mbuzi, toa kitenge, na kitenge kiwe cha maana, siyo kile kinachochuja rangi ukikitazama. Lakini watu wazima walisema kosa moja haliachi mke, sasa mimi sijui ni wapi iliposemwa kwamba kosa moja la kucheza linamhamisha bibi kizee na nyonga yake kutoka Pito mpaka Mwimbi.

Sasa hasira yangu. Isome tena barua yako, Kornel. Mama Fransiska ameijaza yote. Alifunga mzigo wake mwenyewe, umeandika wewe. Aliingia kikaoni kwa fimbo yake, umeandika wewe. Aliwasha moto, akakata uwanja, akakuita kwa jina. Halafu ngoma ikaisha, na mama akapotea! Mzee Leonsi amesema, wajomba wamesema, Monika amesema, Edwin amesema, wewe umesema heri aende. Yeye amesema nini? Hakuna. Amegeuka gunia la mahindi, mnabishana nani alipakie.

Kanuni ya kwanza ya kazi yako ilikuwa nini? Uliiota, unasema. Usimsemee mzee jambo ambalo hujamuuliza. Ukaishika vizuri mbele ya Edwin, lakini mbele ya mjomba wa mkeo ikakutoka! Kumtetea mzee kwa msimamizi wa makazi ni rahisi, huyo si shemeji wa mtu. Kazi ilikuwa pale kwenye kikao cha ukoo, kusema neno moja tu, "Wazee wangu, naomba kwanza aulizwe mwenyewe." Wala usingehitaji kumtazama mtu usoni.

Usiniambie kwamba wewe ni mkwe, huwezi kumuuliza. Mama Hellena amehama? Ile ndoo imetoboka? Ulichoshindwa ni aibu, na aibu yako imemwacha mama wa watu akingoja gari la Jumapili bila hata kujua kwamba linakuja.

Basi mimi nimefanya ambacho ukoo mzima na kundi lenu la Watsapu hamkukifanya. Nilipiga simu Tulizo, nikaomba kuongea na Mama Fransiska. Simu ilipokelewa na Mama Hellena, ambaye kabla sijamaliza kusalimia alikwisha kuniambia habari za maharage. Hatimaye nikampata mwenyewe. Nikamwambia, "Mama, nina swali. Unataka kubaki Tulizo au unataka kwenda kuishi Mwimbi?"

Akaniuliza nani amefariki. Alidhani kuna msiba, mwanangu, kwa sababu amezoea kuulizwa kwa upole namna ile kwenye misiba tu. Nikamwambia hakuna msiba, ni swali tu.

"Kama ni swali, sitoki," akasema. "Mwimbi napapenda, nitakwenda kuwasalimia wakishavuna, halafu nitarudi. Niliwasha moto hapa, sasa niuache nikaoteshwe na mtu?"

Nikamuuliza kuhusu huo moto, kwamba nasikia umebaki wa Jumapili. Akacheka, na kicheko chenyewe Kornel kimeshiba. Kumbe hilo lilikwisha zamani, wewe ukiwa umejificha Mazwi. Edwin alipotangaza moto wa Jumapili tu, wazee hawakugomba. Jumatatu jioni walichukua mablanketi yao, wakatoka wote, wakaenda kukaa barazani pa ofisi yake, wakajifunika, wakanyamaza. Edwin akatoka, akauliza mnataka nini. Mzee Theodory akamwambia, "Hatutaki kitu, tunangoja Jumapili." Edwin mwenyewe akaenda kuwasha.

Umesikia? Hakuwepo mtetezi. Hukuwepo wewe, halikuwepo shirika, haikuwepo barua kwa uongozi. Wazee ambao jana na juzi walikuwa hawajuani majina walipanga wenyewe, wakasimama wenyewe, wakashinda wenyewe. Hapo ndipo nilipokuonea fahari, mwanangu, kuliko kwenye ngoma. Umewafundisha mpaka wamekupita, na mwalimu mzuri haombi zaidi ya hapo.

Edwin, najua redio ya ofisini kwako haizimwi, nakusalimu. Nimeambiwa wewe si mtu mbaya na naamini, mtu mbaya asingecheka kwa habari ya maharage. Kamba ya nguo inahamishika. Ihamishe iende upande wa pili wa upepo, na lile sanduku literemshe lifike usawa wa mtu aliyeketi. Nyigu watafute kwao.

Sasa nirudi kwa huyu Mzee Leonsi, maana kuna jambo dada yake aliniambia mwishoni, na hakunikataza kulisema. Nilimuuliza nimwambie nini kaka yake. Akafikiri, akasema, "Mwambie aje yeye huku. Aje aote moto. Kaka yangu tangu mkewe afariki analala na blanketi."

Kornel, mlikaa kikao kizima, mkahesabu makosa ya miguu yako moja baada ya jingine, na hakuna hata mmoja aliyemwona mtu mwenye baridi mle ndani. Mzee Leonsi hakasirikii ngoma. Alimwomba dada yake akae naye, dada akamkatalia, sasa anaona kwenye simu dada anacheka na watu wengine mbele ya moto ambao yeye hana. Hata mimi ningenuna. Kwa hiyo usiende kubishana naye, wala usimshinde. Mtu anayemtaka dada yake hashindwi, anakaribishwa.

Fanya hivi. Gari la Jumapili liache lije. Mpigie Mzee Leonsi leo, mpe shikamoo yake kamili, mwambie faini iko tayari lakini itatolewa Pito, palepale kosa lilipotendeka, mbele ya macho yaleyale yaliyoona. Hilo hawezi kulikataa, ni haki. Mbuzi achinjwe uani Tulizo, na aliwe motoni na wajomba pamoja na wazee wote. Kitenge akabidhiwe mama na Monika, siyo wewe, na Monika mwambie neno lake la "wewe ndiye uliyecheza" limetosha, sasa asimame na mama yake. Wakishakula, Mama Fransiska atamwambia kaka yake mwenyewe anachotaka. Mtu aliyemnyoosha Edwin kikaoni kwa sentensi chache hahitaji wewe umtafsirie kwa mtu aliyenyonya naye ziwa moja. Kazi yako siku hiyo ni kukaa mbali na ngoma. Ikipigwa ndoo, shika kitu kizito.

Utetezi usiache. Hao wengine bado wanakuhitaji, na wapo watakaokuja ambao hawajui bado kwamba lalamiko linaweza kuingia kwa fimbo. Kwa upande wa mama mkwe, liambie shirika limpe mtetezi mwingine, mwanamke, ili wewe upumzike na yeye aonane na mtu uso kwa uso. Ingawa nikuambie ninavyoona, wakija kutafuta watetezi wapya wasihangaike kuzunguka Mazwi. Wawili wako Tulizo tayari, mmoja ana fimbo na mwingine ana maneno mengi.

Mzee Leonsi, kama unasikiliza huko Mwimbi, shikamoo. Hukukosea kumpenda dada yako. Ukija Jumapili njoo na koti, na usipange kuondoka mapema.

Na wewe Kornel, kabla hujazima redio. Nilipokuwa naaga nilimuuliza mama kama ana ujumbe kwa mkwe wake. Nikamsikia Mama Hellena pembeni anakohoa, anajiandaa kuupokea aupeleke. Mama Fransiska akamwambia, "Ngoja, Hellena, hili nalisema mwenyewe." Akanisogelea kwenye simu.

"Mwambie zile kuni alizotuletea mara ya mwisho zilikuwa mbichi, zinatoa moshi, ndiyo maana Edwin alipata neno. Mkwe gani analeta kuni mbichi? Alete kavu. Na alete mwenyewe."

Umeitwa nyumbani, mwanangu. Funga gereji, tafuta shoka.